Barua kwa Baba: Kuhusu Hicho Chuo Kisicho na Darasa

Edmonton, Kanada
Januari

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta salama, na kwamba mguu wa Baba umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Baridi imekaza, leo tumeamkia nyuzi 27 chini ya sifuri, na watoto wameenda shule kama kawaida.

Baba, nimeona niandike, maana swali lako la juzi halijibiki kwenye simu huku Mama naye anasubiri zamu yake. Uliuliza: mtu avuke bahari mpaka Kanada, halafu asomee kwenye kompyuta, mwalimu hamwoni, je, hiyo ni shahada ya kweli? Ukaongeza kwamba kama ni kompyuta, hata Muheza zipo.

Kwanza niseme kuhusu chuo chenyewe. Athabasca University ni chuo cha umma cha jimbo hili la Alberta, kilianzishwa mwaka 1970. Makao yake yako mji mdogo wa Athabasca, kilomita kama 145 kaskazini ya hapa, lakini wanafunzi hatuendi huko. Kila mtu anasoma alipo. Shahada ya uzamili ya elimu masafa wanaitoa tangu 1994. Mimi ndiyo ninayosoma: namna ya kubuni kozi za mtandaoni na kuzifundisha. Na kwa kazi yangu ya kutunza wazee, yenye zamu za usiku, nisingepata njia nyingine. Darasa la saa nne asubuhi lingenitaka niache kazi. Hapa naandika hoja yangu nikitoka kazini, nalala, nikiamka nakuta wenzangu wameijibu, na mwalimu ameuliza swali linalonirudisha kitabuni.

Lakini hofu yako, Baba, ndiyo hasa fani hii inayoihangaikia. Yuko msomi mmoja, Michael Moore, ambaye nadharia yake tulianza nayo. Kabla hajawa profesa Marekani alifanya kazi ya elimu ya watu wazima Kenya miaka ya 1960, kwa hiyo watu wa vijijini waliotaka kusoma bila darasa aliwaona kwa macho yake. Anasema umbali unaomwangusha mwanafunzi hauhesabiwi kwa kilomita. Unatokana na mambo mawili: mwalimu na mwanafunzi wanazungumza kiasi gani, na kozi imepangwa ikambana mwanafunzi au ikamwachia nafasi. Mtu anaweza kukaa dawati la mbele, mwalimu akanakili ubaoni kipindi kizima, na wakawa mbali kabisa. Nilipoisoma hiyo niliwakumbuka walimu wangu kadhaa wa sekondari, ambao sitawataja.

Na wewe mwenyewe umeshaifanya kazi hii kabla yangu. Unakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, ile ya kufundisha afya kwa redio huko Tanzania, mwaka 1973? Tangu utotoni tunasikia ulivyokuwa kiongozi wa kikundi, kijana mwenye redio ya betri, watu wamekaa chini ya mwembe. Baba, kampeni ile inasomwa duniani. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi, na wasomi wa elimu masafa bado wanairejea kama mfano. Kwa maoni yangu redio peke yake isingefanya kitu. Kipindi kilikwisha, ndipo kazi ikaanza: mlifungua kijitabu, mkabishana juu ya maji na mbu na choo, mkakubaliana nani achimbe na lini. Watu walikwenda kuchimba kweli. Leo kozi nyingi za mtandaoni zina video nzuri zinazopita redio ile kwa mbali, na wanafunzi wanaziacha njiani kwa sababu baada ya video hakuna kikundi wala anayeuliza, "Haya, sasa tufanyeje?"

Jambo jingine litakalokufurahisha: Moodle, programu ambayo vyuo vingi duniani, vya kwetu vikiwamo, huwekea kozi zao, ilibuniwa na Mwaustralia aitwaye Martin Dougiamas. Utotoni aliishi jangwani, mbali na shule, akawa anasomeshwa kwa redio.

Sasa niwaeleze ninachotengeneza, maana hapa nitamhitaji Mama. Kila mmoja wetu anabuni kozi moja mpaka iwe tayari kufundishwa. Mimi nimechagua kozi ya Kiswahili kwa watu wanaomuuguza mgonjwa nyumbani, yule asiyeweza kujigeuza kitandani. Mama, nilimfikiria Bibi na ile miezi uliyomuuguza bila mtu wa kukuelekeza chochote.

Tunafundishwa kuanzia mwisho: mwanafunzi akimaliza somo aweze kufanya nini kwa mikono yake? Somo la kwanza nimeliwekea lengo moja tu, amgeuze mgonjwa asipate vidonda vya mgongo. Halianzi na maelezo ya ngozi wala historia ya uuguzi. Linaanza na swali: mgonjwa amelalia ubavu wa kushoto tangu saa nne, sasa ni saa sita, uko peke yako nyumbani, utaanza na nini? Mtu anajibu kwanza. Kisha anaona video ya dakika tatu: mto mmoja mgongoni ili mgonjwa alale kwa kuegama, asilalie nyonga moja kwa moja, mwingine katikati ya magoti, mwingine chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie bila kugusa godoro. Maneno yote yameandikwa chini ya picha kwa asiyesikia. Na kwa asiye na bando nimetengeneza sauti peke yake, ndogo, inayoweza kutumwa hata kwa WhatsApp. Baada ya hapo wanafunzi wanawekwa vikundi vya watu sita, kila kikundi na kiongozi wake, kila mmoja aeleze ya nyumbani kwake. Hicho kikundi, Baba, nimekitoa kwako.

Mwalimu wangu ameshaipitia na ameikubali. Lakini yeye hajawahi kumgeuza mtu kwenye kitanda cha kamba, kwenye chumba ambacho kitanda kimeegemea ukuta pande mbili. Mama amewahi. Kwa hiyo ninaomba hivi: Jumamosi nitalituma somo kwenye simu ya Zubeda. Mama alifuate tangu mwanzo, Zubeda asimwelezee chochote, akae pembeni aandike kila mahali Mama anaposita au anaposema "hapana, sivyo". Baba naye alisikilize kwa sauti tu, bila picha, aniambie kama ameelewa mito inawekwa wapi. Msinionee haya. Nina wiki tatu za kurekebisha kabla ya kulikabidhi.

Pesa za dawa za Baba nimezituma jana kwa namba ya Zubeda, na nimeongeza kidogo ya bando kwa ajili ya kazi hii. Mnisalimie Shangazi na majirani wote.

Binti yenu,
Mwanaidi