Malalamiko kuhusu miamala iliyokatika katikati na majaribio yaliyoificha

Ofisi ya Chama cha Akiba na Mikopo,
Ngamiani,
TANGA.

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni iliyotengeneza mfumo wetu wa akiba na mikopo,
DAR ES SALAAM.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MIAMALA YA NDANI YA MFUMO KUTOGHAIRIWA KIKAMILIFU, NA KARANI WETU KUTUHUMIWA BILA HAKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tumepokea barua yenu inayoeleza kwamba upungufu kwenye akiba za wanachama wetu umesababishwa na mtandao hafifu wa Tanga pamoja na uzembe wa makarani. Bodi imeniagiza, kama Afisa TEHAMA wa chama, niwajibu kwa maandishi. Maelezo hayo hatuyakubali. Kosa limo ndani ya programu mliyotuuzia, na majaribio mliyotukabidhi kuthibitisha ubora wake yalikuwa yakilionyesha kosa hilo tangu mwanzo.

Wanachama wetu wengi ni wachuuzi wa samaki wa Deep Sea na Sahare, wenye vibanda wa soko la Mgandini, na baadhi ni wakulima wa machungwa wa Muheza. Mwisho wa mwezi hufika dirishani kulipa rejesho la mkopo kwa kukatwa kwenye akiba zao. Mfumo unatakiwa ufanye mambo manne kwa pamoja: upunguze akiba, utoe risiti, upunguze deni, uandike kwenye daftari kuu. Likishindikana lolote, yote yarudi yalivyokuwa. Ndiyo maana ya muamala. Ni kama hundi: imelipwa yote au imerudi yote, hakuna hundi iliyolipwa nusu.

Kilichotokea ni hiki. Mama mmoja alikuja kulipa rejesho la shilingi 50,000. Kioo kikaandika kwamba muamala umeshindikana, jaribu tena. Karani akajaribu tena, kama mwongozo wenu unavyomwelekeza, na mara hii ukakubali. Mama akaondoka na risiti yake. Aliporudi kuangalia salio alikuta akiba imepungua kwa 100,000, na deni limepungua kwa 50,000 tu. Akamuuliza karani, "Mwanangu, hela yangu imekwenda wapi?" Karani hakuwa na jibu, na wanachama waliokuwa nyuma kwenye foleni walisikia kila neno. Baada yake wamejitokeza wengine wenye malalamiko ya aina hiyo hiyo.

Mkataba wetu unatupa haki ya kuona msimbo wa programu, kwa hiyo niliufungua. Sehemu ya akiba inaanza muamala kwa amri ya START TRANSACTION, inapunguza akiba, kisha inaita sehemu ya mikopo. Sehemu ya mikopo nayo, mstari wake wa kwanza kabisa, inatoa START TRANSACTION yake. Bila shaka aliyeiandika aliamini kwamba anafungua muamala mdogo ndani ya ule mkubwa. Kwenye MySQL, ambayo ndiyo kanzidata (programu ya kuhifadhi taarifa) mliyotuwekea, hakuna kitu kama hicho. Amri hiyo ikitolewa wakati muamala mwingine uko wazi, MySQL inauthibitisha kwanza ule wa nje, yaani inaufanya wa kudumu usioweza tena kughairiwa, kimyakimya, bila kosa na bila onyo, ndipo inaanza mpya. Hili si siri, limeandikwa kwenye mwongozo wa MySQL. Hata CREATE TABLE na ALTER TABLE huthibitisha muamala ulio wazi kwa namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo ile 50,000 ilikuwa imekwisha kukatwa moja kwa moja kabla deni halijaguswa. Siku ya kawaida hakuna anayegundua, kwa sababu hatua zote zinafaulu na hesabu inakaa sawa. Mwisho wa mwezi madirisha yote yanagombea mstari mmoja wa daftari kuu. Moja linaushika na kuufunga kwa kufuli, mengine yanangoja kufuli lifunguliwe. InnoDB, ile sehemu ya MySQL inayotunza data, ikiwa haikubadilishwa, hungoja sekunde 50 kisha huitupa amri iliyokuwa ikingoja. Programu yenu inapokea kosa hilo, inatoa ROLLBACK (amri ya kughairi muamala), na ROLLBACK inafuta kile tu kilichofanywa baada ya START TRANSACTION ya pili: risiti na deni. Akiba iliyokatwa haina tena wa kuirudisha. Karani akibonyeza tena, inakatwa mara ya pili.

Nililifanyia jaribio hili kwenye nakala ya kanzidata, mbali na hesabu halisi, na Mhasibu wetu akiwa amekaa pembeni. Nilifungua madirisha mawili ya MySQL. Katika la kwanza nilianza muamala, nikapunguza akiba, nikaanza muamala mwingine, nikapunguza deni, nikatoa ROLLBACK. Katika la pili nilisoma salio kila baada ya hatua. Punde tu baada ya START TRANSACTION ya pili, dirisha la pili liliona akiba pungufu. Ina maana lilikuwa jambo lililokwisha. Nilipoirudia kazi ile ile kwa kutumia SAVEPOINT, yaani alama ya kurudia ndani ya muamala ule ule, badala ya START TRANSACTION ya pili, dirisha la pili halikuona chochote mpaka mwisho, na ROLLBACK ilirudisha kila kitu. Wala hakukuhitajika mtandao. Yote yalifanyika ndani ya kompyuta moja.

Barua yenu inasema pia kwamba mfumo "unaunga mkono kikamilifu miamala ya ndani". Wazo la muamala ndani ya muamala limefanyiwa kazi tangu zamani; Eliot Moss aliliandikia tasnifu yake ya MIT mwaka 1981. Lakini kanzidata tunazozitumia kila moja ina tabia yake. PostgreSQL, ukiipa BEGIN (amri ya kuanza muamala) ya pili, inakuonya kwamba muamala tayari upo na inaendelea na ule ule. SQLite inakataa kabisa. SQL Server inahesabu: COMMIT (amri ya kuthibitisha muamala) ya ndani inapunguza hesabu tu, lakini ROLLBACK, hata ikitolewa ndani, inafuta kila kitu mpaka cha nje. MySQL inafanya kama nilivyoeleza. Mtaalamu aliyezoea moja akihamia nyingine bila kujaribu ataumiza watu, na walioumia safari hii ni wanachama wetu.

Sasa nije kwenye majaribio, ambayo ndiyo yamenisikitisha zaidi. Mlitukabidhi ripoti ambayo kila jaribio lina alama ya kufaulu. Niliyasoma moja baada ya jingine. Kila jaribio linaanza muamala, linaingiza wanachama wa kubuni, linaita sehemu fulani ya programu, kisha mwishoni linatoa ROLLBACK ili kanzidata ya majaribio ibaki safi. Ni utaratibu unaotumiwa na wengi, na una faida zake. Lakini katika folda hiyo hiyo nikakuta programu ndogo ambayo kazi yake ni kufuta wanachama wa kubuni "wanaobaki" kabla ya kila mzunguko wa majaribio.

Ndugu Mkurugenzi, wanabakije? Kama ROLLBACK ya mwisho inafanya kazi, hakuna anayetakiwa kubaki. Wanabaki kwa sababu sehemu ya mikopo imeuthibitisha muamala wa jaribio lenyewe, sawasawa na ilivyothibitisha kukatwa kwa akiba ya yule mama. Dalili ilikuwa mbele ya watu wenu kila walipofanya majaribio. Badala ya kuuliza mabaki yale yanatoka wapi, waliandika programu ya kuyafagia.

Tena hakuna jaribio hata moja linaloianza kazi kwenye akiba na kuifikisha kwenye daftari kuu. Akiba imejaribiwa peke yake, mikopo peke yake. Wala hakuna linaloifanya hatua yoyote ishindwe kwa makusudi. Kujaribu kughairi bila kusababisha kushindwa si kujaribu.

Linabaki suala la karani. Mmeandika kwamba namba za risiti zilizoruka ni ushahidi kuwa alifuta risiti. Kwa tuhuma hiyo alitakiwa kujieleza mbele ya Bodi, binti mwadilifu ambaye wanachama wanamwamini na fedha zao. Namba zile zinatolewa na AUTO_INCREMENT, utaratibu wa kanzidata wa kutoa namba zinazofuatana zenyewe, na InnoDB ikishaitoa namba hairudishi hata muamala ukighairiwa. Pengo kwenye namba linaonyesha kwamba risiti ilianza kuandikwa kisha ikaghairiwa. Nimelinganisha mapengo hayo na makato ya akiba yasiyo na risiti: yanakwenda sambamba, kwa saa na kwa kiasi. Mlichokitumia kumtuhumu ndicho kinachomsafisha.

Tunataka yafuatayo. Kwanza kabisa, barua ya kufuta tuhuma dhidi ya karani wetu, iliyosainiwa na wewe mwenyewe, ije kabla ya marekebisho yoyote ya programu. Sehemu ya mikopo isianze wala kuthibitisha muamala wake yenyewe. Muamala uwe mali ya yule aliyeuanza, na panapohitajika kurudi hatua chache itumike SAVEPOINT. Majaribio yafanyike kwenye MySQL ya toleo lile lile tunalotumia, yathibitishe miamala kweli kweli, na muunganisho wa pili wa kanzidata usome matokeo. Kila hatua kati ya zile nne iangushwe kwa zamu. Lijaribiwe kufuli lililochelewa, na pia kufuli la kukwamana (miamala miwili kila mmoja ukingoja kufuli lililoshikwa na mwenzake), maana hayo mawili InnoDB huyashughulikia tofauti: kwenye la kwanza, bila mpangilio maalumu, hughairi amri moja tu, kwenye la pili hughairi muamala wote. Programu ya kufagia mabaki iondolewe, na mabaki yakionekana jaribio lihesabiwe limeshindwa. Gharama ya kusuluhisha hesabu za wanachama wote walioathirika iwe juu yenu.

Hadi hapo, makarani wameelekezwa wasirudie muamala ulioshindikana bila kwanza kuangalia salio la akiba, na makato ya mwisho wa mwezi tunayafanya kwa dirisha moja tu. Foleni inafika barabarani na wazee wanasimama juani. Hatuwezi kuendelea hivyo.

Tunaomba majibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nimeambatanisha orodha ya mapengo ya risiti pamoja na makato yanayolingana nayo, na amri zote nilizotumia kwenye jaribio, ili wataalamu wenu wazirudie wenyewe. Wakitaka kufika Ngamiani tukae nao mezani, milango iko wazi.

Wako katika ushirika,

Afisa TEHAMA,
kwa niaba ya Bodi ya Chama.

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika, Mkoa wa Tanga, Karani anayehusika.