Jina la Papa kwenye Misa

Ndugu Mhariri,

Papa Fransisko alipofariki Aprili 21, 2025, padri wetu alifika kwenye Sala ya Ekaristi, sala kuu ya Misa, pale panapotajwa jina la Papa, akapitiliza hadi jina la askofu. Pengo lile lilinigusa kuliko tanzia zote za redioni. Bibi aliyekaa kando yangu alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Wanaosema Papa ni mkuu wa ofisi tu huko Roma wanakosea. Kwetu ni mrithi wa Petro, aliyeagizwa na Kristo kuwaimarisha ndugu zake katika imani. Mei 8 makardinali 133 walimchagua Leo XIV. Jumapili iliyofuata jina lake lilitajwa kigangoni kwetu, na waumini wakaitikia Amina kwa sauti.

Mkatoliki, Morogoro