Hata mwenye ploti moja aandike wosia

Mhariri,

Baba yetu alituachia vyumba sita vya kukodisha Kayole. Hati ya ploti tuliipata baada ya miezi minne, imekunjwa ndani ya mkebe wa biskuti chini ya nyuzi za Mama. Kufikia hapo ami alikuwa keshaanza kukusanya kodi.

Baba alimwambia Mama vyumba ni vyake. Lakini Sheria ya Urithi, Sura 160, hutaka wosia wa mdomo utolewe mbele ya mashahidi wawili, na mtoaji afariki ndani ya miezi 3. Baba aliishi mwaka mzima!

Wangu nimeuandika, majirani wawili wasiorithi hata sindano wakatia sahihi. Mke wangu alininunia siku mbili, eti najitabiria kifo.

Fundi cherehani,
Kariobangi, Nairobi