Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nairuzi, Miongo na Kazi ya Kuandika Mila

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi yamo katika taarifa ya mhazini mliyogawiwa mlangoni, na majina ya wanachama wapya anayo katibu. Sitayarudia. Nafasi yangu naitumia kwa kazi iliyokula sehemu kubwa ya mwaka wetu, yaani hesabu ya Siku ya Mwaka na namna ya kuziandika mila zake. Madaftari mengi tunayoletewa yana habari nzuri na tarehe mbovu, na habari isiyo na tarehe ya kuaminika haiwezi kulinganishwa na nyingine.

Hesabu yenyewe

Mwaka wa mabaharia na wakulima wa pwani una siku 365 kamili. Siku ya kwanza ni Nairuzi, au Siku ya Mwaka. Ya mwisho ni kibunzi. Ndani ya siku hizo 365 zimo miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za kufungia hesabu. Muundo huu ni wa kalenda ya kale ya Uajemi, iliyokuwa na miezi 12 ya siku 30 na siku 5 zisizo na mwezi. Waandishi wa Kiarabu walizipa siku hizo jina zuri: tano zilizoibwa.

Neno mwongo ndilo linalowapotosha wasomaji wa leo kabla ya jambo jingine lolote. Sisi tumezoea muongo wa miaka kumi. Baharia aliyesema "mwongo wa tatu" alimaanisha siku ya 21 hadi ya 30 kutoka Nairuzi, basi. Mwanachama mmoja alipotuletea maelezo ya safari "ya muongo wa tisa", kamati ilikaa ikitafuta karne, kumbe ni siku ya 81 hadi ya 90.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Mwaka wa Nairuzi hauna Februari ya siku 29. Kalenda ya ukutani inapoongeza siku moja kila baada ya miaka minne, Nairuzi haiongezi kitu, kwa hiyo hurudi nyuma. Kanuni ni hii: ikiwa Februari 29 imepita kati ya Siku ya Mwaka moja na inayofuata, tarehe inarudi siku moja, isipopita, tarehe inabaki palepale. Tuseme Siku ya Mwaka iliangukia Julai 23, 2023. Siku 365 baadaye ni Julai 22, 2024, kwa sababu 2024 ulikuwa na Februari 29. Mwaka 2025, 2026 na 2027 itabaki Julai 22, kisha 2028 itakuwa Julai 21. Kwa karne moja ni siku 24 au 25. Kuzunguka majira yote na kurudi pale ilipoanzia, Nairuzi inahitaji takriban miaka 1,500.

Tumeijaribu kanuni hii kwa ushahidi wa zamani. Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi Unguja, aliandika mwaka 1870 kwamba Siku ya Mwaka wakati ule iliangukia mwishoni mwa Agosti. Kutoka hapo hadi Julai 2020 zimepita Februari 29 mara 37. Ukihesabu miaka minne minne utapata 38, lakini 1900 haukuwa na siku hiyo, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ondoa siku 37 kwenye mwisho wa Agosti na utatua karibu na Julai 23, majira yaleyale ambayo watu wa Makunduchi, Unguja, wanaoga mwaka. Hesabu ya wazee imeshika uzi kwa miaka 150 bila almanaki iliyochapishwa, na mimi naona hilo linastahili heshima kuliko hadithi nyingi za mizimu tunazopenda kusimuliana.

Sasa mtaona kwa nini si halali kuchukua siku ya Nairuzi kutoka maandishi ya kale na kuibandika kwenye majira ya leo. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa Julfar, bandari ya kale ya Uarabuni, alihesabu misimu ya safari kwa siku za Nairuzi katika karne ya 15. Nairuzi ya zama zake iliangukia Novemba. Siku yake ya 100 ilikuwa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma. Siku ya 100 ya Nairuzi inayoanza Julai 23 ni Oktoba 30, wakati wa tanga mbili, kusi imechoka na kaskazi haijashika. Namba ni ileile, ila bahari si ileile. Anayenukuu "siku ya 100" bila kutaja karne hajasema kitu.

Kwa wanaoanza, njia ni fupi. Andika tarehe ya Siku ya Mwaka na uiite siku ya 1, kamwe si sifuri. "Siku ya 100" na "siku 100 baada ya Nairuzi" zinapishana kwa siku moja, na kosa hilo limejaa madaftarini. Kupata mwongo, ondoa moja kwenye namba ya siku, gawa kwa kumi, acha baki, kisha ongeza moja. Siku ya 47: ondoa moja ni 46, gawa kwa kumi ni 4, ongeza moja ni 5. Kwa hiyo ni siku ya 7 ya mwongo wa 5, na kwa mwaka ulioanza Julai 23 ni Septemba 7. Asiyependa hesabu achore kwenye manila safu 36 zenye visanduku kumi kumi, na visanduku vitano chini yake, kisha ajaze tarehe kwa mkono. Inachukua jioni moja. Jedwali la mwaka mmoja lisitumiwe kwa mwaka mwingine bila kukagua Februari.

Limebaki jua. Siku yetu huanza magharibi. Mambo yanayofanyika usiku baada ya jua la kibunzi kuzama yamo ndani ya Siku ya Mwaka, ingawa kalenda ya ukutani bado inaonyesha tarehe ya jana. Atakayeandika "usiku wa Julai 22" atasomwa kwa namna mbili. Andika "usiku wa kuamkia Julai 23". Saa nazo ziandikwe kwa Kiswahili, saa moja asubuhi, na kuwe na mstari mmoja juu ya ukurasa unaosema hivyo. Tumeletewa picha za wanawake wakienda kuoga baharini "saa 11 alfajiri" zilizobandikwa maelezo ya saa 11 kabla ya adhuhuri, na jua halipo hata kidogo kwenye picha.

Nairuzi haifuati mwezi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo unaipita Nairuzi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na miezi ya Hijria hukutana na Nairuzi kwa zamu. Mwaka 2012, 2013 na 2014 wiki ya Julai 23 iliangukia ndani ya Ramadhani. Chakula cha mchana kinacholiwa na kila apitaye ni sehemu ya Siku ya Mwaka tangu maelezo ya Steere, kwa hiyo anayehoji watu wazima aulize waziwazi miaka ile mitatu ilipangwaje. Usiulize "mila inasemaje". Uliza nani alipika, lini, na nani alikula.

Makunduchi: nini kiandikwe

Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, ndio unaojulikana zaidi, na kwa sababu hiyo ndio unaoandikwa vibaya zaidi. Wageni huona vita vya magomba na moto, hurudi mjini na mistari miwili. Jina lenyewe linasema jambo jingine: kogwa ni kuogwa kwa lahaja ya huko, Kimakunduchi, ambayo wenyewe huiita pia Kikae. Mwaka unaoshwa. Maneno yaandikwe yanavyotamkwa, yasinyooshwe kuwa Kiswahili sanifu. Tafsiri ikae pembeni.

Wanaume wa pande mbili za mji, kaskazini na kusini, hupigana kwa magomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka. Gomba ni zito kwa maji lakini laini, linavunjika kabla ya mfupa. Kisha hujengwa kibanda cha makuti, mtu huingia, moto hutiwa, naye hutoka upande wa pili na kukimbia huku akirushiwa mawe au mabonge ya udongo. Wanawake huimba wakiwa wamevaa vizuri, na nyimbo nyingine ni za kejeli kali. Moshi wa kibanda hutazamwa unaelekea wapi, kwani huko ndiko kunakosomwa bahati ya mwaka.

Hapo kwenye moshi tunahitaji umakini. Julai ni mwezi wa kusi, na upepo wa kusi na kusini mashariki husukuma moshi kuelekea kaskazini magharibi karibu kila mwaka. Anayeandika "moshi ulikwenda kaskazini" ameandika majira tu, hajaandika utabiri. Kabla moto haujawashwa, funga utepe wa kitambaa chepesi kwenye fimbo ya urefu wa mtu, mahali pa wazi, mbali na minazi, kwa sababu minazi huugeuza upepo. Andika utepe unaelekea wapi. Andika makuti ni makavu au mabichi: mabichi hutoa moshi mzito unaotambaa chini na kuzunguka, makavu huwaka haraka na moshi hupanda wima kabla ya kushikwa na upepo. Tazama moshi wa mwanzo na wa mwisho kando kando. Sikiliza mzee amesoma upi. Kwa kuwa Nairuzi hurudi nyuma katika majira, mababu walioifanya Novemba walitazama moshi katika upepo mwingine kabisa, na kanuni ya kuusoma haiwezi kuwa ilibaki vilevile. Hii ndiyo nukta ninayoiona ya thamani kuliko zote tulizojadili mwaka huu.

Moto wa zamani wa Siku ya Mwaka ulipatikana kwa kupekecha, baada ya moto wote wa majumbani kuzimwa. Waliojaribu kuonyesha watoto namna hiyo walishindwa kwa sababu mbili zinazojirudia. Walitumia miti miwili yenye ugumu mmoja, ilhali ulindi unaozungushwa lazima uwe mgumu na ubao wa chini mwororo na mkavu. Na hawakuchonga mwanya pembeni ya tundu, kwa hiyo vumbi la moto halikupata pa kudondokea. Moshi ukianza bado hamna kaa. Endeleeni kupekecha mpaka vumbi liwe jeusi na litoe moshi lenyewe mkono ukiwa umesimama, ndipo limiminwe kwenye makumbi makavu na kupulizwa polepole.

Ya mizimu yanayofanywa faragha na wavyale, yaani walinzi wa mila za mahali, hatuyarekodi, hata kama simu iko mfukoni. Wanaotaka kubishana kuhusu hili wasome azimio la mkutano uliopita.

Kuhusu asili, mjadala ulikuwa mkali na haukufungwa. Jina ni la Kiajemi na hesabu ya siku 365 ni ya Kiajemi. Hilo halina utata. Waparsi wa India, Wazoroasta wenye asili ya Uajemi, wanaofuata kalenda yao iitwayo Kadmi nao huanza mwaka wao katikati ya Julai, kwa sababu hiyohiyo ya kukosa siku ya ziada. Lakini kalenda husafiri kwa mabaharia bila kuhitaji kabila kuhama. Mvyale, magomba na mizimu ya mahali havionyeshi asili ya Shiraz, mji wa Uajemi. Binafsi nawashauri wanachama waache kuandika "mila iliyoletwa na Washirazi" kama sentensi ya kwanza ya kila makala.

Vitu na uvumi

Kamati imeulizwa kama chama kipokee vitu vya kale kwa ajili ya chumba cha maonyesho. Jibu ni hapana, na mfano ni vigango vya Wagiriama, nguzo za mbao za kumbukumbu ya wafu. Kigango husimikwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu cha Wagiriama na hakitolewi mahali pake hata kikioza. Viwili vilivyoibwa Kilifi mwaka 1985 vilikutwa kwenye makumbusho ya Marekani, kimoja Illinois na kingine Virginia, na kurudi kwao kulifika 2006 na 2007. Vilirudi kwa sababu palikuwa na picha iliyopigwa vikiwa bado vimesimama. Kwa hiyo pigeni picha kwa idhini ya familia, pimeni urefu, chora nakshi, na kitu kibaki kilipo. Mahali halisi pasitajwe katika nakala inayosambazwa.

Uvumi wa popobawa, zimwi linalosemwa kushambulia watu usiku, tunauweka faili la peke yake. Mwaka 1995 ulianzia Pemba ukavuka Unguja, na huko mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliomdhania ndiye. Anayeleta habari za namna hii aandike ameisikia lini, wapi, na kutoka kwa mtu aliyeona au aliyesikia, bila jina la anayetuhumiwa. Isisambazwe kwenye kundi la simu la chama kwa vyovyote.

Mwaka ujao tutahitaji waandishi wawili kwa kila tukio, mmoja karibu na kibanda na mmoja uwanja wa magomba, kila mmoja na daftari lake, wasilinganishe maelezo mpaka siku ya pili. Pale tarehe iliyotangazwa na tarehe iliyohesabiwa zinapotofautiana, ziandikwe zote mbili pamoja na jina la aliyehesabu, kwa ridhaa yake. Fomu mpya ina nafasi ya upepo, makuti na saa ya magharibi ya kibunzi. Walioazima madaftari ya zamani wayarudishe kwa katibu kabla ya mwongo wa mwisho kuanza; jedwali la kuonyesha ni lini liko ukutani nyuma yenu.

Mwenyekiti