Barua ya wazi kwa mjomba: bunduki tatu, na sipigani na mtu

Mjomba, shikamoo.

Ile sauti uliyotuma Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kazini, nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu akanigeukia. "Mpwa wangu, nasikia una bunduki tatu ndani. Unapigana na nani huko?" Ukanyamaza kidogo, ukakohoa, halafu ukamalizia: "Tena nasikia zenyewe zimekatwakatwa." Kwa kuwa uliituma kwenye grupu la ukoo mzima, na shangazi tayari ameshaomba dua, nami nakujibu hadharani. Vaa miwani, usome taratibu.

Kabla ya yote: zimefungiwa kwenye kasiki, risasi zinakaa chumba kingine, na watoto hawajui namba. Hilo ulinifundisha wewe, na halina mjadala.

La pili, kosa ni lako.

Unakumbuka nyumba ya idara pale Liwale? Nilikuwa na miaka saba, nimeletwa kwenu likizo. Ulirudi alfajiri kutoka kufukuza tembo kwenye mihogo ya watu, umelowa umande mpaka kiunoni. Hukuomba chakula. Ulimwambia shangazi abandike maji. Yalipochemka ukaitoa bolti ya ile bunduki yako ya .303, kile chuma cha kufungia risasi ndani, ukauweka mtutu wima kwenye beseni, ukachomeka faneli uliyoitengeneza kwa kopo la maziwa, ukamimina. Mvuke ulitoka upande wa pili kama birika. Nikauliza kama bunduki nayo inakunywa chai. Ukacheka, ukanieleza: kapsuli za risasi zile za zamani zikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta unyevu, na ukiiacha usiku mmoja tu mtutu unaliwa kama bati la Kilwa. Mafuta hayaiondoi chumvi, maji ya moto ndiyo yanaiyeyusha. Na maji yakiwa yamechemka sawasawa, chuma kinapata moto na kujikausha chenyewe. Mwaka ule sikujifunza kitu kingine darasani ambacho bado nakikumbuka.

Sasa nije kwenye hili la kukatwa, maana naona ndilo lililokuudhi zaidi.

Huku Marekani, baada ya vita kuu zote mbili, bunduki za jeshi zilibaki kama mahindi msimu wa neema. Serikali iliwauzia raia kwa bei ya chini. Askari walirudi na za adui ndani ya mabegi. Miaka ya hamsini wafanyabiashara wakazinunua kwa shehena kutoka ghala za Ulaya na Amerika ya Kusini, wakaziuza kwa posta. Mtu wa kiwandani au mkulima aliyetaka nyama ya kulungu hakuwa na fedha ya bunduki mpya ya dukani. Ananunua ya vita, anaipeleka gereji, anaifunga kwenye jiliwa, anaanza: mbao inayofunika mtutu mpaka mbele inaenda, kishikio cha singe kinaenda, mtutu unafupishwa, kitako kinachongwa upya. Wengine walikuwa mafundi kwelikweli. Wengine walikuwa na msumeno na moyo wa kujaribu tu.

Wakusanyaji wa leo wanazidharau. Wanaotafuta bunduki kamili kama ilivyotoka kiwandani wanasema hizi zimeharibiwa, na kwa hesabu ya pesa wana haki: ambayo haikuguswa inauzwa mara mbili au tatu ya iliyokatwa. Hata sheria ina dharau yake. Kuna leseni ya wakusanyaji wa silaha za kale, zenye zaidi ya miaka 50, lakini iwe katika hali yake ya asili. Ukiikata, machoni mwa sheria si ya kale tena, ni bunduki tu. Mimi nasema hivi: leo hii usiguse iliyobaki nzima. Lakini aliyekata mwaka 1955 alikuwa anatafuta kitoweo, hakuwa anaharibu historia ya mtu. Na mimi hizo ndizo ninazozimudu.

Ya kwanza niliipata kwa mjane mmoja, mtaa wa nne kutoka hapa ninapokaa. Ni M1917, bunduki ya jeshi la Marekani ya vita kuu ya kwanza, imechapwa Eddystone. Eddystone ni mji mdogo ukingoni mwa mto Delaware, nafika kwa gari kabla redio haijamaliza habari. Kiwanda cha pale kilianza kwa kuwatengenezea Waingereza bunduki za .303, risasi yako ile ile. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 haikuwa na bunduki za kutosha, ikaona ni rahisi zaidi kuibadilisha ile ya Waingereza ipige risasi ya Kimarekani, .30-06, kuliko kuanza upya. Viwanda vitatu vikatoa zaidi ya milioni 2, na zaidi ya milioni 1 kati ya hizo zilitoka Eddystone peke yake. Kule Ufaransa, askari wengi wa Marekani walibeba hii kuliko Springfield yao wanayojivunia.

Na ushahidi wa .303 bado umo tumboni. Magazini ilipimwa kwa risasi nene yenye ukingo kwenye kitako chake, kwa hiyo ukiweka .30-06 isiyo na ukingo inameza sita badala ya tano. Ukiifunga bolti unasikia springi inajikaza mwishoni, wakati wa kusukuma mbele, sawasawa na ile yako. Mkono wangu uliijua kabla ya kichwa.

Marehemu mwenye nayo aliikata mwenyewe, mezani jikoni, mkewe aliniambia, na unga wa chuma uliingia hata kwenye sukari. Bunduki hii ina masikio mawili makubwa yanayolinda kilengeo cha nyuma. Ameyasaga kwa tupa na jiwe mpaka yakalala, kazi ya majuma. Ukipitisha kidole unahisi mahali alipochoka: kuna bonde dogo upande wa kushoto. Kisha akatoboa matundu manne ya kufungia darubini, na moja likaenda kombo, unene wa unywele. Alifanyaje? Akakata kipande cha kopo la bia, akakichomeka chini ya kishikio. Kipo mpaka leo. Nimekiacha. Bia ni haramu kunywa, sijasikia fatwa juu ya kopo lake kunyoosha darubini. Mbele ya mbao amebandika ncha nyeusi inayong'aa, na siku ya kwanza moyo ulinidunda nikadhani mpingo, mti wa kwetu, umefika huku kabla yangu. Nikaukwangua kwa ukucha. Plastiki.

Kabla ya kuifyatua niliipeleka kwa fundi bunduki. Eddystone zina ila moja: mitutu yake ilikazwa kwa nguvu kupita kiasi, na baadhi zikapata ufa mtu alipoufungua mtutu wa zamani ili aweke mpya. Fundi akaivua nguo zote, akaipaka wino maalumu, akafuta, akaangalia kwa taa. Mimi nimesimama pembeni kama mama anayegonga chungu sokoni anasikiliza mlio. Ilikuwa nzima.

Springfield nimeikataa mara mbili, hata ya bei nzuri, na hii utaipenda. Zile za kiwanda cha Springfield zenye namba chini ya 800,000 chuma chake kinaweza kupasuka kama kigae. Wafanyakazi walipasha chuma moto na kupima joto kwa jicho, kwa kuangalia rangi. Siku ya jua kali, chuma kilichokwiva kupita kiasi kilionekana bado, wakaongeza moto, kikaungua. Mhunzi yeyote wa kijijini angewaambia: kazi ya moto ifanyike kivulini. Walikuja kulijua hilo karibu na mwaka 1918, wakaleta vipima joto. Na rais wao mstaafu Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda, mojawapo ya bunduki zake ilikuwa Springfield ya jeshi, aliyoagiza iwekewe kitako na vilengeo vya kupendeza nafsi yake. Ya zama zile zile za kupima kwa jicho. Mungu alimsitiri.

Ya pili ni Lee-Enfield No. 4. Ni kaka wa ile yako, Mjomba, ndiyo maana niliilipia bila kubishana bei, na muuzaji alijua. Imekatwa vibaya, mbao imeishia ghafla kama suruali iliyopanda. Lakini bolti inateleza kwenye reli zake kama ilivyokuwa Liwale, na nikifumba macho nasikia ukuni unalia jikoni kwa shangazi. Nilikosea mara moja: nilinunua risasi zilizojazwa upya kutoka duka fulani, ganda la risasi likakatikia ndani, nusu ikatoka na nusu ikabaki. Vyumba vya risasi vya Enfield vina nafasi, vilitengenezwa hivyo ili risasi yenye tope la vitani iingie, na ganda lililotumika mara nyingi linanyooka mpaka linachoka. Tangu siku hiyo nanunua mpya. Halafu ujue, wale walinzi wa Kanada wa maeneo ya barafu waliendelea kuibeba hiyo No. 4 mpaka juzi tu, miaka ya 2010, kwa sababu kwenye baridi ile haigomi, na dubu hana subira.

Ya tatu ni Mauser, na hii ndiyo niliyotaka kukuandikia tangu zamani.

Imechapwa herufi byf na 43: kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, mwaka 1943. Askari wa Kimarekani aliileta kutoka Ujerumani, akaikunja mkono wa bolti uinamie chini zaidi usigonge darubini, akaichongea kitako kizuri, kizuri kuliko vya zile mbili. Juu ya chuma kuna mihuri midogo ya tai. Chini ya kila tai pana mkwaruzo. Aliisugua swastika, moja moja, kwa tupa nyembamba. Ziko tatu zinazoonekana. Ya nne, niliyoikuta chini ya mbao nilipoifungua, hakuifikia.

Nimeisafisha. Sijawinda nayo. Wewe ndiye ulinionyesha pale Liwale lilipokuwa boma la Wajerumani, lililochomwa mwaka 1905 Maji Maji ilipoanza, na bibi hakulitamka neno "mauza" bila kutema mate pembeni. Najua ya askari wa Mjerumani wakati ule ilikuwa aina ya 1871, ile ya moshi mzito, na hii yangu ni ya vita nyingine kabisa. Lakini jina ni jina. Wazungu ninaopiga nao shabaha wanaisifu, wanasema hakuna bolti iliyowahi kuizidi, na ni kweli, bunduki nyingi za kuwindia duniani zimeiga hiyo. Naitikia, naichukua Eddystone.

Usidhani kwamba bunduki hizi za vita zote zilifanya kazi ya jikoni tu. Mwaka 1963 mtu alitumia jina la uongo akaagiza kwa posta bunduki ya jeshi la Italia, Carcano, dola 19.95 pamoja na darubini, nauli dola 1.50. Ndiyo iliyomuua Rais Kennedy. Sheria ya mwaka 1968 ikafunga biashara hiyo ya posta. Kwa hiyo unapouliza napigana na nani, najua swali halitoki hewani.

Napigana na kulungu mmoja kwa mwaka. Msimu wa Pennsylvania unafunguliwa Jumamosi baada ya sikukuu yao ya shukrani, na kila mtu anavaa rangi ya chungwa kali kifuani, mgongoni na kichwani asije akadhaniwa mnyama. Mwaka jana nilikaa chini ya mwaloni toka saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili na nusu akatoka dume, akasimama nyuma ya kichaka, namwona kichwa na shingo. Nikasikia sauti yako: hujaona miguu, hujaona mnyama. Nikasubiri. Nyuma yake, hatua nne, alikuwepo mwindaji mwenzangu, kofia yake imefunikwa na majani. Dume akaenda zake. Nilitetemeka dakika kumi, na si kwa baridi.

Nilimpata mwingine jioni, hatua sitini, risasi moja, bismillah na kisu mapema. Nyama tuligawana na yule mjane. Alikaanga na vitunguu, mimi nikatia nazi. Akasema mumewe alikuwa anaanza na maini.

Usiku ule nilibandika maji. Risasi za siku hizi hazina chumvi, Mjomba, najua, kitambaa na mafuta vinatosha. Nilibandika tu. Mke wangu akaja jikoni akaona mvuke, akauliza chai ni ya nani.

Natumia faneli ya plastiki na inajikunja kwa joto. Ile ya kopo la maziwa, kama bado ipo kwenye sanduku lako la spana, usiitupe. Dada anakuja Desemba kunitembelea. Mpe aniletee.