Barua ya wazi kwa vijana wa Msimbazi mnaolilia Uwanja wa Mkapa

Vijana wangu wa Simba, wa Dar es Salaam na wa mikoani, mlio matawini na msio na kadi ya uanachama lakini damu yenu ni ya Msimbazi, nawasalimu kila mmoja kwa salamu ya imani yake.

Nimenyamaza kwa muda mrefu kwa sababu nilidhani kilio hiki kingekwisha chenyewe, kama vilivyokwisha vingine. Hakikwisha. Tangu Mei 2025, kila jioni barazani kwetu Kariakoo, kahawa ikishamiminwa tu, lazima atokee mmoja wenu aseme kwamba tungecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane ya Morocco kwa Mkapa, kombe lingekuwa letu. Juzi kijana mmoja, ambaye namfahamu tangu alipokuwa akibebwa mabegani na baba yake kwenda uwanjani, ametangaza mbele ya wazee kwamba yeye na mpira basi, kwamba jezi yake amempa fundi gari afutie mikono, na kwamba klabu isiyo na kwao haifai kushabikiwa. Wenzake wakamwitikia kwa vichwa. Ndipo nilipoamua kuandika, na naandika nikiwa nimeudhika, hivyo mnivumilie.

Uchungu wenu naujua na siudharau. Robo fainali na Al Masry ilitupa haki ya kuota. Tulirudi kutoka Misri tukiwa tumefungwa 2-0, na tarehe 9 Aprili, mbele ya majukwaa yetu wenyewe, tukayarudisha mabao yote mawili, kisha tukawatoa kwa penalti. Mwezi mmoja na nusu baadaye tukarudi kutoka Morocco na deni lilelile la 2-0, na kila mmoja wetu akapiga hesabu kwamba lililowezekana mara moja lingewezekana tena. Badala yake, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likashikilia kwamba uwanja wetu, kwa mvua zile za masika, haukuwa katika hali ya kuchezewa fainali, na mechi ikavushwa bahari hadi Uwanja wa Amaan, Zanzibar, penye nafasi za watu 15,000, wakati kwa Mkapa wangeingia 60,000. Siku ya safari nilikutana bandarini na kikundi cha vijana kutoka Kahama ambao walikuwa wamekwisha kulipia basi na nyumba ya wageni Kariakoo kabla hawajajua kwamba watahitaji pia nauli ya boti. Walichangishana palepale, na mmoja wao alikuwa amekumbatia ngoma aliyoizungushia kanga ili maji ya chumvi yasiiguse ngozi. Hao wakilia, sina neno nao. Nitawashika bega tulie pamoja.

Ninyi wengine, hata hivyo, mnadanganyana. Kombe halikupotelea Zanzibar. Lilipotelea Berkane, ndani ya robo saa ya kwanza, tulipofungwa mabao mawili kabla mabeki wetu hawajazoea kelele za uwanja ule mdogo wa mji wa michungwa. Amaan tuliingia tukiwa na kibarua kizito, na bado Mutale alitupa bao mapema. Kipindi cha pili kilipoanza tu, Kagoma wetu akatolewa kwa kadi nyekundu. Baadaye bao letu la Mukwala likakataliwa baada ya mwamuzi kurejea video (VAR), na katika dakika za nyongeza Sidibe wa Berkane akasawazisha. Nionesheni ni jambo gani kati ya hayo lililosababishwa na kuvuka bahari. Tena mnasahau kwamba nusu fainali na Stellenbosch ya Afrika Kusini tuliichezea uwanja huohuo wa Amaan, tukashinda 1-0, na usiku ule sikumsikia hata mmoja wenu akisema kwamba tumechezeshwa ugenini. Mlipanda boti za kurudi mkiimba.

Wazee wenzangu wanaokumbuka wanisahihishe kama nasema uongo. Mwaka 1979 Mufulira Wanderers walitufunga 4-0 hapahapa Dar es Salaam, mji mzima ukazizima, kisha vijana wetu wakaenda Zambia wakashinda 5-0. Mwaka 1993 tulifika fainali ya Kombe la CAF, tukatoka suluhu Abidjan na Stella, tukarudi nyumbani Uwanja wa Taifa mbele ya Rais Mwinyi, kila kitu kikiwa chetu, na tukafungwa 2-0. Mwaka 2003 tuliwatoa Zamalek, waliokuwa wakilitetea kombe lao la Ligi ya Mabingwa Afrika, kwa penalti, hukohuko kwao Cairo. Historia ya klabu hii imejaa ushindi wa ugenini na vilio vya nyumbani, ila ninyi mmelelewa na kaulimbiu ya «kwa Mkapa hatoki mtu», mkaigeuza hirizi. Hirizi ilipochukuliwa, mkabaki hamjui mnaishangilia timu au mnalishangilia jengo.

Sasa nifike kwenye lile linalonikera kuliko yote, na hapa sitawaonea haya.

Mnasema uwanja ule ni nyumbani. Tarehe 15 Desemba 2024 tulicheza pale na CS Sfaxien ya Tunisia. Walitangulia kufunga, Kibu Denis akasawazisha, na dakika za nyongeza zikiyoyoma Kibu huyohuyo akafunga la ushindi. Ingekuwa siku ya kusimuliwa wajukuu. Kilichofuata mnakijua: vurugu, viti kung'olewa, viti kurushwa. Sitaki kuingia katika ubishi wa nani alianza, kwa kuwa mgeni akifanya fujo sebuleni kwako humsaidii kuvunja vyombo. Nilikuwa jukwaa la mzunguko. Mbele yangu kijana mmoja aliyevaa jezi yetu alikipiga kiti kwa kisigino mpaka skrubu zikaachia zege, akakitikisa kikang'oka, akakirusha kule chini bila hata kuangalia kitamwangukia nani. Palipokuwa na kiti pakabaki matundu mawili na vumbi jeupe. Nilipomkemea alicheka, akanijibu, «Babu, hiki ni cha serikali, watanunua kingine.»

Jibu hilo limenikaa kifuani hadi leo, kwa sababu kijana yule hakuwa mwendawazimu wala mlevi. Alisema kwa sauti kile ambacho wengi wenu mnakiamini kimyakimya, kwamba kitu cha umma hakina mwenyewe. CAF ikatuadhibu, na mechi ya mwisho ya kundi na CS Constantine ya Algeria, tarehe 19 Januari 2025, tukaicheza bila mashabiki. Nadhani mliitazama kwenye runinga kama mimi. Tulishinda 2-0 na kuongoza kundi, lakini uwanja wa watu 60,000 ulikuwa mtupu, tukawasikia wachezaji wakiitana majina na mpira ukigonga nyasi. Hiyo ndiyo mechi ya kwanza ya msimu ule ambayo Simba ilikosa nyumbani, na aliyetunyima nyumbani si mvua wala CAF wala Zanzibar. Mei mlilia kwa sauti kubwa. Januari nani kati yenu alilia? Nani alikwenda kwa kijana wa aina ile, pale mtaani kwenu, akamwambia kwamba ametuibia? Mnawafahamu. Mnakaa nao viti vya jirani, mnapanda nao magari mamoja kutoka Temeke, mnawaita majembe kwa sababu wana sauti.

Mimi sisemi kwamba kosa ni lenu peke yenu, na wakubwa wasijifiche nyuma ya viti. Uwanja wa Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, na kwa miaka yote hii umebebeshwa Simba, Yanga, Taifa Stars, matamasha, mikutano ya dini na sherehe za kila namna, zikiwemo Simba Day yetu na Wiki ya Mwananchi ya watani zetu. Nyasi gani zitastahimili hayo? Sisi Watanzania tuna tabia ya kusubiri mgeni abishe hodi ndipo tufagie. Agosti 2025, miezi isiyozidi mitatu baada ya fainali yetu kuhamishwa, uwanja huohuo ukafungua CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, Taifa Stars ikawafunga Burkina Faso 2-0, na nyasi zikang'aa kwenye runinga za bara zima. Nilifurahi kama Mtanzania, nikaumia kama Mwanasimba, kwa sababu mkono uliotengeneza Agosti ulikuwepo tangu miaka yote ya nyuma. Majirani zetu Wakenya nao walionja haya: mwaka 2024 Harambee Stars, timu ya taifa zima, ilipeleka mechi zake za nyumbani Lilongwe na Kampala kwa kuwa viwanja vyao havikukidhi vigezo. AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ni yetu sote pamoja na Uganda, na uwanja mpya wa Arusha umekusudiwa kwa ajili hiyo. Ningependa kujua nani ataumwagilia maji mwaka 2029, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka.

Linganisheni pia kilio chenu na cha wengine. Al Hilal ya Omdurman ilipoteza nyumbani vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023. Wamecheza mechi zao za nyumbani hapa kwetu Dar es Salaam, kisha wakahamia Nouakchott, Mauritania, huku mashabiki wao wakiwa wametawanyika katika kambi na nchi za watu. Novemba 2024 walikuja hapa wakawafunga Yanga 2-0, jambo ambalo baadhi yenu mlilisherehekea bila kuwafikiria hata kidogo wale waliowafurahisha, na mwisho wakaongoza kundi. Sijasikia kwamba mashabiki wao wamewapa mafundi gari jezi.

Yako mengine ambayo sitayachambua, nayataja tu. Acheni kumtukana Kagoma mitandaoni kwa kadi ile. Acheni kununua tiketi kwa walanguzi halafu mkalaumu mfumo wa tiketi. Anayeahidi kuongoza msafara wa tawi na kukusanya nauli atoe hesabu ya maandishi. Msibebe watoto wadogo kwenye boti za usiku. Mechi ikihamishwa, uliza kwanza tawini kabla ya kusambaza uvumi. Na mkome kabisa kuiita Zanzibar ugenini. Watu wa Unguja wana matawi ya Simba kabla baadhi ya baba zenu hawajazaliwa. Walitupokea, wakatulaza majumbani mwao, wakakaa pamoja nasi mvua na jua, na mkaondoka mkisema uwanja wao una nuksi. Nimeona aibu kwa niaba yenu.

Turudi kwenye hilo neno la kijana wa barazani, kwamba klabu isiyo na kwao haifai kushabikiwa. Ana hoja, ila ameishika upande wa makali. Klabu yetu ilianzishwa mwaka 1936. Ina jengo Mtaa wa Msimbazi, ina uwanja wa mazoezi Bunju, ina mashabiki kuanzia Kigoma hadi Muscat, na bado haina uwanja wake wenyewe wa kuchezea mechi ya kimataifa. Azam, timu ya juzi mbele yetu, wana uwanja wao Chamazi, na sisi tumewahi kwenda kuwaazima. Sisi ni wapangaji, vijana wangu, na mpangaji akiambiwa na mwenye nyumba kwamba leo kuna matengenezo, anahamisha godoro. Mmetumia nguvu nyingi kumlaani mwenye nyumba, na sijaona hata robo ya nguvu hiyo ikielekezwa kwa viongozi wetu, ambao kila uchaguzi hutuchorea uwanja wa Bunju kwa maneno na kila baada ya uchaguzi hutuonesha wachezaji wapya wakishuka uwanja wa ndege. Sisi tunapiga makofi, tunasahau. Mchezaji mmoja wa kigeni aliyekaa benchi msimu mzima ameondoka na fedha ambazo zingeweka jukwaa moja la zege pale Bunju, nasi tulimsindikiza kwa nyimbo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kijana uliyempa fundi jezi, nenda kamwombe akurudishie; ikiwa ina grisi, uivae hivyohivyo. Wenye kadi za uanachama, lipeni ada zenu ili msizuiwe mlangoni. Wasio na kadi, chukueni kupitia tawi lililo karibu nanyi, kwa sababu mwenye kupiga kelele mtandaoni hana kura. Kisha siku ya mkutano mkuu wa mwaka, taarifa ya fedha itakaposomwa na kipaza sauti kitakapozungushwa, msisimame kuuliza tunamsajili nani. Ulizeni uwanja wa Bunju una michoro iliyopitishwa au hauna, una fungu katika bajeti ya mwaka huu au hauna, na ni nani, kwa jina, anayeusimamia. Mkijibiwa kwa hadithi, ulizeni tena, kwa adabu, mpaka muda wa mkutano uishe. Mimi nitakuwa nimeketi upande wa wazee, na nitanyoosha mkono baada yenu.

Mzee wenu,
Kariakoo, Dar es Salaam