Barua kwa mwanangu: hicho kikopo kiache

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Uyole, Mbeya, hatujambo, ni baridi tu; baba yako anakula na koti. Picha yako nimeiona, nikaikuza mpaka nikaona kipele kimoja kimoja. Hizo ni chunusi, binti yangu. Si damu chafu wala jicho la mtu, kwa hiyo ile chupa ya kusafisha damu usipoteze hela.

Kilichonifanya nikae niandike ni hicho kikopo cha krimu kisicho na lebo ulichoniambia, eti kimesafisha uso wa mwenzako kwa wiki moja na juu ya hapo kumng'arisha. Krimu za namna hiyo mara nyingi zimetiwa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kama betamethasoni au klobetasoli. Uvimbe unatulia kweli. Ukiacha, vipele vinarudi kwa hasira, na ngozi imeshakuwa nyembamba. Wasichana wa hivyo wanakuja hapa kwenye duka langu la dawa kutoka Mwanjelwa na Mafiati wamejifunika mitandio, na kuwatibu ni kazi kuliko chunusi za mwanzo. Kama umeshaipaka siku nyingi, nenda kwa daktari umwambie ukweli.

Famasi ulizia benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi ya kupaka. Watakutolea ya asilimia 10 wakisema ndiyo kali. Wewe taka ya 2.5, au 5 ikikosekana. Ile ndogo inafanya kazi karibu sawa na kubwa, ila haiunguzi sana. Paka eneo lote linalotoka chunusi, usivizie kipele kimoja. Halafu inachujua nguo, kwa hiyo ile foronya yako ya zambarau iweke mbali, tumia taulo jeupe.

Ya usiku ni adapalini ya asilimia 0.1, inayozuia vinyweleo kuziba. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima, ukishakauka. Anza kwa kuruka usiku mmoja mmoja. Wiki za kwanza ngozi itabanduka, itawasha, hata vipele vinaweza kuongezeka, na hapo ndipo wengi wanaitupa dawa na kurudi kwenye mkorogo. Wewe vumilia, mabadiliko yanaanza kuonekana wiki ya 8 hadi ya 12. Mwenye mimba haruhusiwi kuitumia. Hilo nalisema kama muuza dawa, usininunie.

Nimeona pia kwamba nyingi zimejipanga kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia. Ni yale mafuta mazito unayopaka ukisuka. Yapunguze, na kilemba cha kulalia kifue.

Limau na dawa ya meno havina kazi usoni, vinaunguza tu. Ukiminya unajiongezea madoa meusi, na ngozi yetu inayashika miezi mingi. Jua nalo linayakoleza, na baridi ya Iringa isikudanganye, huku milimani jua lina makali. Vaa kofia.

Vikija vile vikubwa vya ndani, vinavyouma na kuacha makovu, usisubiri miezi mitatu, mwone daktari wa ngozi. Akikuandikia doksisaiklini, ambayo ni antibayotiki, umeze huku ukiendelea na za kupaka.

Hela nimetuma kwenye simu, na ya kutolea imo. Ukifika famasi nipigie kabla hujalipa, niongee na muuzaji mwenyewe.

Mama yako